Tarehe ya Kuondoka

Asubuhi aliyoondoka Taratibu kulikuwa na manyunyu, yale yasiyomlowesha mtu ila huyafanya magari yote ya yadini yaonekane yametoka kuoshwa. Alisimama mlangoni mwa ofisi, ufunguo wa gari dogo la kijivu ukining'inia kidoleni. Mchoraji alikuwa amempa mgongo. Uso wake ulikuwa kwenye ubao mweupe, kwenye visanduku na mistari aliyoichora mwenyewe, akijifanya anasoma.

"Hutaniaga?"

"Unakwenda wapi mpaka uagwe? Si unakwenda kujaribu breki?"

"Hata wa breki huagwa."

"Kwaheri, basi. Nimekuaga."

Alimsikia akicheka kidogo puani, kicheko cha mtu aliyesemwa na anajua amestahili. Kisha akasema, "Nikirudi tutazungumza. Leo si kama jana."

"Jina lako limekuingia mpaka kwenye mifupa," alijibu Mchoraji bila kugeuka. "Nenda tu."

Akaenda. Mlango wa gari ulifungwa, injini ikaguna, matairi yakasaga kokoto mpaka getini. Dirisha la ofisi lilikuwa karibu kiasi kwamba angegeuza shingo tu angemwona. Hakuigeuza. Alikuwa na hasira, na hasira ya mtu anayependa ina kiburi chake, inataka kufuatwa.

Kabla ya chakula cha mchana simu ililia kwenye meza ya Mhasibu, dada yake Taratibu. Aliipokea, akasema "ndiyo", akasema tena "ndiyo, ni ndugu yangu", kisha akaiweka mezani polepole kama kitu cha kuvunjika. Lori lilikuwa limeshuka mteremko bila breki. Gari dogo la kijivu lilikuwa limesimama chini, kwenye makutano, likingoja zamu yake. Breki zake zilikuwa nzima kabisa.

Wauzaji wenzake ndio waliompa jina hilo la Taratibu. Aliendesha kwa mikono miwili kama aliyebeba trei ya mayai, na neno hilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Mteja akifoka, taratibu. Mvua ikija na vioo vya magari viko wazi, taratibu. Yadi ilikuwa ya mama yake, mjane aliyeiendesha tangu mumewe alipofariki. Kila mtu alimwita Bi Mkubwa, na hata wanawe wawili walimwita hivyo wakiwa kazini. Neno "mama" walilibakisha nyumbani.

Mchoraji aliletwa na Mhasibu. Magari yalikuwa yameongezeka, na kila muuzaji alitembea na habari zake kichwani: nani kanunua nini, gari lipi limerudi, lipi lina kasoro gani. Ilitakiwa hifadhidata, mahali pamoja ndani ya kompyuta pa kuweka hayo yote yasipotee. Lakini Mchoraji hakugusa kompyuta. Aliomba ubao na kalamu, akaanza kuchora visanduku. Gari, kisanduku. Mteja, kisanduku. Muuzaji. Mauzo. Kisha mistari ya kuviunganisha, maana kwa kazi ile vitu havina maana mpaka ujue kipi kinahusiana na kipi. Mlinzi wa getini alichungulia, akauliza kama ofisi imeajiri mchoraji, na jina likaganda.

Taratibu alikuja kusimama nyuma yake siku hizo za mwanzo, kikombe mkononi.

"Samahani, dada. Hapa umekosea."

Hakuzoea kuambiwa hivyo. "Wapi?"

"Umeandika gari moja, mwenye gari mmoja. Na likirudi?"

"Likirudi wapi?"

"Hapa. Magari hurudi, dada yangu. Unaliona lile jekundu? Nilimuuzia mwalimu, likarudi. Nikamuuzia daktari, likarudi. Sasa linanitazama mimi."

Mchoraji alicheka kabla hajajizuia. Taratibu aliweka kikombe chini, akachukua kalamu ya buluu, na katikati ya Gari na Mteja akachora kisanduku kingine, kimepinda upande mmoja. Ndani akaandika Umiliki. Chini yake, tangu lini, mpaka lini. Herufi zake ziliinama mbele kama watu wanaotembea kwenye upepo.

"Gari haliaibiki kwa sababu lilikuwa la mtu," alisema. "Swali ni moja tu. Linakwendaje?"

Alisema hayo akimtazama yeye, si ubao, na akamtazama kwa muda mrefu kuliko maneno ya magari yanavyohitaji. Mchoraji alikuwa amewahi kuolewa na akaachika. Tangu hapo alikuwa amejifunza kuwajibu watu macho yakiwa chini, maana swali la kwanza la watu lilikuwa daima ni lile lile: kulitokea nini? Mtu huyu hakuuliza. Mchoraji akajikuta anamtazama naye.

Mapenzi yao yalianzia hapo, mbele ya ubao, huku watu wakidhani wanabishana kazi. Na kweli walibishana. Taratibu alimpinga kwenye kila mstari, akaja na magari yaliyouzwa na wauzaji wawili kwa pamoja, wateja walionunua kwa jina la mke, ndugu walionunua gari moja wakagombana. Kila alipomkosoa alimletea na kitu: karanga, kiti chenye mgongo, kicheko. Mhasibu alikuwa wa kwanza kujua. Akipita nyuma ya Mchoraji alinong'ona "shikamoo wifi" ilhali Mchoraji ndiye mdogo kwake, akakimbia. Mbele ya Bi Mkubwa alimwita fundi.

Siku moja Taratibu alisimama akiutazama ule mchoro mzima.

"Na wewe umejiweka wapi humu?"

"Mimi simo. Anayechora hakai ndani ya mchoro."

"Basi haujakamilika."

Bi Mkubwa alipopata habari, hakumwita mwanawe pembeni. Alikuja ofisini alasiri, siku moja kabla ya yale manyunyu, wauzaji wote wakiwapo, akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini.

"Nasikia kuna maneno," alisema, akimtazama mwanawe. "Kama si ya kweli, nicheke. Kama ni ya kweli, unisikilize. Hapa yadini tunauza vilivyokwisha kutumika, na sina aibu navyo. Lakini nyumbani kwangu haviingii. Huyo ana kilometa nyingi."

Mtu mmoja alikohoa. Wengine walivitazama viatu vyao. Mchoraji alihisi damu yote imempanda usoni, kisha yote imeshuka. Alimtazama Taratibu. Ofisi nzima ilimtazama Taratibu. Alifungua mdomo. Akaufunga. Macho yake yakahamia ubaoni, kwenye kile kisanduku chake cha buluu, yakabaki huko.

Baadaye, walipobaki peke yao, Mchoraji alimkabili.

"Kwa magari una maneno mpaka mteja anaomba msamaha. Kwangu mimi hukupata hata moja."

"Ukimjibu Bi Mkubwa mbele za watu anakuwa jiwe. Nilitaka nimwambie tukiwa wawili."

"Na mimi? Mbele za watu nilikuwa nini?"

"Taratibu," alijibu kwa neno lake la mazoea, kisha akaona jinsi lilivyomchoma mwenzake, akajaribu kulirudisha. "Sikusema hivyo. Nitamwambia. Naapa nitamwambia."

"Utamwambia lini? Nikishazeeka?"

Ndiyo maana asubuhi yake hakugeuka.

Kwenye msiba alifika mapema, akiwa amevaa nguo nyeusi aliyoiazima. Viti vilipangwa uani kwa safu. Mwanamke mmoja wa ukoo, mwenye sauti ya upole, alikuwa akiwaelekeza watu pa kuketi.

"Wewe ni nani wa marehemu, mama?"

Mchoraji alimwona Bi Mkubwa mbele, amezungukwa na shangazi, kichwa kimesimama wima kama kimepigiliwa misumari. Aliona Mhasibu amelala mapajani mwa mtu.

"Tunafanya kazi pamoja," alisema.

"Pole sana. Wafanyakazi wako kule nyuma."

Akaenda kule nyuma. Aliketi kati ya mlinzi na fundi wa rangi, akalia kiasi kile ambacho mfanyakazi mwenzako hukulilia, si zaidi. Kilichobaki alikimeza.

Bi Mkubwa alirudi yadini baada ya siku za msiba kwisha. Alikuwa amekonda shingo. Aliingia ofisini pamoja na Mhasibu, akasema bila kumsalimia mtu, "Ile kazi imefika wapi?"

"Imekaribia, Bi Mkubwa," alisema Mchoraji. "Nimeingiza mauzo ya zamani ili tuijaribu."

"Nionyeshe."

Mhasibu aliketi mbele ya kompyuta, akafungua orodha ya magari yaliyouzwa. Ilikuwa ndefu, ikashuka na kushuka. Kisha akafungua wauzaji. Jina la kwanza juu lilikuwa la kaka yake, jina lake kamili la shuleni, ambalo hakuna aliyelitumia.

Bi Mkubwa alilitazama. "Mtoeni hapo."

"Mama..."

"Nimesema mtoeni. Kila nitakapofungua hiki kitu nimkute yeye kwanza? Mtoeni."

Mchoraji alinyanyua mkono. "Ngoja kidogo, bado sija..." Lakini Mhasibu alikuwa ameshabonyeza. Jina likatoweka. Bi Mkubwa akavuta pumzi, akasema warudi kwenye magari.

Orodha ilikuwa fupi. Ilikuwa fupi vibaya, kama nywele zilizokatwa na mtoto.

"Magari yamekwenda wapi?" Mhasibu alisogeza uso kwenye kioo. "Wifi... fundi, magari yamekwenda wapi? Lile jekundu liko wapi? La mwalimu?"

"Usiguse kitu," alisema Mchoraji. "Nina nakala. Hakuna kilichopotea. Nipishe."

Aliketi, akairudisha nakala, nao wawili wakasimama nyuma yake. Magari yakarudi, moja baada ya jingine, na jina likarudi juu ya orodha. Bi Mkubwa aliegemea ukuta.

"Nieleze," alisema. "Nimemtoa mtu mmoja. Kwa nini yameondoka magari?"

Mchoraji alikwenda ubaoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuusogelea tangu siku ile.

"Hiki ni Muuzaji. Hiki ni Mauzo. Huu mstari unasema hakuna gari linalouzwa bila mtu wa kuliuza. Niliufanya wa lazima. Nikauwekea kwamba muuzaji akifutwa, alichouza nacho kifutike, ili wakati wa majaribio iwe rahisi kusafisha. Nilitaka kuubadilisha baadaye."

"Kwa hiyo ulichora kana kwamba hataondoka."

"Nilichora akiwa amesimama hapa, Bi Mkubwa."

Yule mama alisogea karibu na ubao, akawa anatazama herufi za buluu zinazoinama mbele. Kidole chake kilipanda mpaka karibu na neno Umiliki, kikasimama kabla ya kuligusa, kana kwamba wino ulikuwa bado mbichi.

"Huu ni mwandiko wake."

"Ndiyo."

"Tangu shule anaandika hivi. Walimu walimpiga, hakuacha." Alishusha mkono. "Nimekuja leo kuwaambia mfute huu ubao. Nilitoka nyumbani na hilo."

Mhasibu alijishika mdomo. Mchoraji alisimama kati ya mama na ubao bila kujua kama amesogea makusudi.

"Mimi siwezi kuufuta," alisema. "Ukitaka ufutwe, futa mwenyewe. Kitambaa kile pale."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu. Sauti haikupanda, ila ilitoka. Bi Mkubwa alikitazama kile kitambaa, kisha akamtazama yeye, na Mchoraji hakuyashusha macho.

"Sasa itakuwaje?" aliuliza Bi Mkubwa. "Hatoki, na hayupo."

"Muuzaji hafutwi. Anabaki, na alichouza kinabaki. Tunamwongezea kitu kimoja." Alichukua kalamu nyeusi na chini ya kisanduku cha Muuzaji akaandika: tarehe ya kuondoka. "Kwa wote. Anayehamia kwingine, anayestaafu. Asiyeondoka, pake panabaki patupu."

Alirudi kwenye kompyuta, akafanya mabadiliko. Haikuchukua muda. Pembeni ya kila jina pakatokea nafasi tupu. Kwenye jina la kwanza alama ya kuandikia ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikingoja.

Mchoraji hakuweza. Alimpisha Mhasibu; Mhasibu alitikisa kichwa, machozi yakimdondokea shingoni.

"Nipisheni," alisema Bi Mkubwa.

Aliketi. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila tarakimu, siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Alipomaliza alibaki ameinama.

"Saa haitakiwi?"

"Hapana. Tarehe tu."

"Saa ninaijua mimi." Hakugeuka, alikuwa anazungumza na kioo cha kompyuta. "Alikuja jikoni kabla sijawasha hata moto. Akavuta kiti. Nikajua, maana mwanangu hakai jikoni. Akaniambia, mama, namuoa. Hakuomba. Alisema."

Mchoraji alishika ukingo wa meza.

"Nikamrudishia maneno yangu ya jana yake. Ya kilometa. Unajua alinijibu nini? Alisema, mama, sisi hatujawahi kuuza gari jipya hata siku moja, na hayo yaliyotumika ndiyo yaliyonisomesha. Na alikuwa anacheka. Mpole, anacheka." Bi Mkubwa alipangusa kitu kwenye kioo ambacho hakikuwapo. "Kile kicheko ndicho kilichonipandisha. Nikamwambia, ukimuoa huyo, usirudi kwenye nyumba hii."

Nje mtu aliwasha gari, akalizima.

"Akasema tutazungumza jioni. Akaacha chai yake." Bi Mkubwa alikunja mikono. "Hakurudi."

Kwa siku zote zile Mchoraji alikuwa amelala na kuamka na swali moja: kama Taratibu angesema, au kama angemeza maneno tena mpaka uzeeni. Sasa jibu lilikuwa mezani. Alikuwa amesema. Alikuja kazini akiwa ameshasema, akasimama mlangoni na ule ufunguo, akaomba kuagwa. Leo si kama jana. Na yeye alikuwa amempa mgongo.

Alitaka kumchukia yule mama, akatafuta pa kuanzia, asipaone. Kila mmoja wao alikuwa amempa neno la mwisho, na yote mawili yalikuwa mabaya.

"Hakuniambia," alisema Mchoraji.

"Angekwambia jioni."

Mhasibu alikuwa ametoka. Alirudi na vikombe vitatu kwenye sinia, macho yamevimba. Kimoja alikiweka mbele ya mama yake. Cha pili alikipeleka upande wa pili wa meza.

"Wifi, chai."

Lilitoka wazi, kwa sauti ya kawaida, mbele ya Bi Mkubwa. Wote watatu walilisikia. Bi Mkubwa alinyanyua kikombe chake, akapuliza, akanywa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Walikunywa chai ile mpaka ikaisha, kisha Bi Mkubwa akachukua mkoba wake.

Mlangoni alisimama.

"Ukimaliza utaondoka?"

"Mkataba ni mpaka mwisho wa mwezi, Bi Mkubwa."

"Sawa." Alisimama kidogo zaidi, kama mtu aliyesahau alichofuata. "Sawa, fundi."

Mchoraji alimaliza kazi mwisho wa mwezi, akapeana mkono na wauzaji, akakumbatiana na Mhasibu getini. Sasa anafanya kazi kwenye ofisi nyingine, upande mwingine wa mji, anachora visanduku vya watu wengine. Hifadhidata ya yadi inatumika kila siku. Jina la Taratibu liko la kwanza kwenye wauzaji, tarehe pembeni yake, na magari aliyoyauza yote yapo. Lile jekundu limerudi tena. Mfumo ukisumbua, Mhasibu humpigia simu. Bi Mkubwa hajapiga. Ubao haujafutwa.